Umeme wa AC na DC ndani ya ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa umeme wa ndege. Maswali haya nimeulizwa na watu wa aina tatu: vijana wanaokuja karakana kwa mafunzo ya vitendo, mafundi umeme wa majumbani wanaotaka kujua kazi yetu ina tofauti gani na yao, na abiria waliokaa dirishani wakaona kitu kikawatia wasiwasi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mafupi.

AC na DC ni nini, kwa maneno machache?

DC ni mkondo mnyoofu: umeme unakwenda upande mmoja tu, kama unaotoka kwenye betri ya tochi. AC ni mkondo geu: unakwenda na kurudi, ukibadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Umeme wa gridi unaoingia nyumbani kwako Tanzania au Kenya ni AC ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kamili kwa sekunde. Kitabu chochote cha fizikia cha sekondari kitakuongezea michoro.

Ndege inatumia upi kati ya hiyo miwili?

Inategemea ukubwa wake. Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja inayowapeleka watalii Mafia na mbugani, inaishi kwa DC ya volti 28. Boeing 737 inazalisha AC ya volti 115, hezi 400, fezi tatu (mawimbi matatu ya umeme yanayopishana), kisha sehemu ya umeme huo inageuzwa kuwa DC ya volti 28. Ndege zote kubwa zina AC na DC pamoja. Mtu akikuuliza ipi ni bora, mrudishie swali: bora kwa kazi gani, na kwa uzito gani? Kwenye ndege kila kilo moja ya waya au chuma inabebwa angani kwa mafuta yaliyolipiwa, safari baada ya safari, hadi ndege istaafu. Karibu kila jibu lililoko hapa chini linarudi kwenye mizani.

Betri imeandikwa volti 24, mbona mfumo unaitwa wa volti 28?

Muulize fundi wa malori, atakujibu haraka kuliko mimi. Lori nalo lina volti 24 za betri, na alteneta yake inatoa takriban 28, kwa sababu ili betri ipokee chaji lazima uisukumie volti zaidi ya ilizonazo. Ndege ni vivyo hivyo. Betri ya nikeli-kadmiamu ya ndege kwa kawaida ina seli 20 za volti 1.2 zilizounganishwa mfululizo, na hapo unapata 24. Ukiona mita ya chumba cha rubani inasoma 24 au chini yake wakati injini inanguruma, jenereta haifanyi kazi na ndege inakula akiba.

Basi si tungetumia DC peke yake kwenye ndege zote? Ni rahisi na betri inaielewa.

Kwa ndege ndogo tumefanya hivyo hasa, tena kwa faida. Kwenye Caravan kuna chombo kimoja kinachofanya kazi mbili: wakati wa kuwasha ni mota inayoizungusha injini kwa nguvu ya betri, na injini ikishashika moto chombo kilekile kinageuka jenereta ya ampea 200. Kazi mbili, uzito mmoja. Pembeni kuna alteneta ya akiba ya ampea 75.

Tatizo linaanza mahitaji yakikua. Chukua hita ya wati 2,800. Kwa volti 28 inahitaji ampea 100. Kwa volti 115 inahitaji ampea 24 na kidogo. Umeme unaopotea kama joto kwenye waya unakua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kwenye waya uleule upotevu wa volti 28 ni kama mara 17 ya ule wa volti 115. Ukitaka kuupunguza, nunua waya mnene. Hita hiyo ikiwa jikoni kwa wahudumu na jenereta iko kwenye bawa, utavuta shaba nene kama kidole gumba kwa makumi ya mita, na hapo bado hujagusa pampu, feni, taa na vioo vya mbele vinavyopashwa joto.

Utasema: pandisha volti za DC. Ndege za kivita za F-22 na F-35 zimefanya hivyo, zina DC ya volti 270. Lakini DC ya volti kubwa ni kaidi kuizima. AC inapita sifuri mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo cheche ya swichi inapofunguka inapata nafasi ya kufa yenyewe. Cheche ya DC haina pumziko. Na huko juu, hewa ikiwa nyepesi, cheche inaruka kwa urahisi zaidi kuliko ardhini.

Kuna na suala la brashi za kaboni. Jenereta ya DC ya kizamani inatoa umeme wake kupitia brashi zinazosugua sehemu inayozunguka. Ndege zilipoanza kuruka juu sana, enzi za Vita Kuu ya Pili, brashi zilianza kusagika kuwa unga kwa muda mfupi. Chanzo kilikuwa ukavu: kaboni inahitaji unyevu kidogo wa hewa ili iteleze, na huko juu haupo. Dawa ilipatikana kwa kuchanganya kemikali kwenye kaboni, lakini jenereta ya AC ya sasa haina brashi kabisa, na sisi wa karakana hatuzikumbuki kwa mapenzi.

Kwa nini hezi 400 na si 50 kama nyumbani?

Ni chuma. Transfoma inapitisha nishati kwa kujaza na kuondoa sumaku kwenye chuma chake, mzunguko baada ya mzunguko. Ukiizungusha mara 400 kwa sekunde badala ya 50, kila mzunguko unabeba fungu dogo, kwa hiyo chuma kidogo kinatosha. Fikiria kuhamisha maji kutoka kisimani: mwenye ndoo kubwa anakwenda mara chache, mwenye kikombe anakimbia mara nyingi, na mwisho wa siku mapipa yanalingana. Ndege ilichagua kikombe. Transfoma na mota za hezi 400 ni ndogo na nyepesi sana kuliko ndugu zao wa nyumbani wenye nguvu ileile.

Niliyaamini haya vizuri nilipoyaona. Nikiwa mwanagenzi, katika karakana moja ambayo haina haja ya kutajwa, mwenzangu aliokota transfoma iliyotolewa kwenye ndege. Ilikuwa imeandikwa volti 115, naye akakumbuka kuna kipunguza volti kabatini kinachotoa 110. Akaona volti zimekaribiana, akaunganisha. Ilinguruma kwa sauti nzito, ikatoa harufu, kisha moshi. Volti zilikuwa sawa lakini hezi zilikuwa 50, kwa hiyo kila mzunguko uliitaka ile chuma ibebe sumaku karibu mara nane ya ilivyopimiwa. Chuma kikashiba, mkondo ukapanda bila kizuizi, koili zikaungua. Msimamizi hakusema neno. Alimwachia ile transfoma mezani kwake kwa mwezi mzima.

Kama hezi nyingi ni nyepesi, mbona wasiende hezi 4,000?

Kwa sababu waya nazo hupinga AC, na upinzani huo unakua kadiri frikwensi inavyopanda. Chuma nacho kinapata joto zaidi. Tena mota rahisi ya AC inafuata frikwensi: kwa hezi 50 mota ya ncha mbili za sumaku haiwezi kupita mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa hezi 400 inafika kwenye 24,000. Kwa hezi 4,000 ungehitaji beringi za miujiza. Hezi 400 ni mahali ambapo mizani ilitulia.

Injini inapanda na kushuka kasi. Hizo hezi 400 zinabaki vipi palepale?

Swali zuri, na jibu lake ni mashine ninayoiheshimu kuliko zote kwenye ndege. Frikwensi inafuata kasi ya jenereta: yenye ncha nne lazima izunguke mara 12,000 kwa dakika, si zaidi si pungufu, ili itoe hezi 400. Injini nayo inazunguka polepole ikisubiri njiani na kwa kasi wakati wa kuruka. Katikati yao kunawekwa giaboksi ya mafuta yenye pampu na mota za haidroliki, ambayo inaongeza kasi injini ikiwa nyonge na kupunguza ikiwa na fujo. Kwenye 737 za kizazi cha -800, giaboksi hiyo na jenereta vimo ndani ya gamba moja, linaloitwa IDG. Kila moja inatoa kVA 90 (kVA ni kipimo cha nguvu ya AC: volti mara ampea, kwa maelfu).

IDG inataka mafuta safi ya kiwango sahihi, na kuyaangalia kwenye kidirisha chake ni kazi ya kila mara. Ikipata joto kupita kiasi, rubani ana swichi yenye kifuniko cha kuitenganisha na injini. Akishaibonyeza imekwisha: IDG hairudishwi angani, hadi fundi aifikie ndege ikiwa chini.

Nilipanda ATR, nikaona injini ya kulia inanguruma lakini pangaboi limesimama. Ilikuwa mbovu?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana ndani yake kuna somo zima la AC na DC.

ATR 72, ndege ya mapangaboi inayofanya safari nyingi za ndani kwetu, haina ile injini ndogo ya mkiani, APU, ambayo ndege nyingine huitumia kupata umeme zikiwa zimeegeshwa. Badala yake injini ya kulia ina breki ya pangaboi. Inawezekana kwa sababu kwenye injini hii shimoni la pangaboi halikuunganishwa kwa vyuma na shimoni la kompresa: ni upepo wa moto tu unaozungusha turbini ya pangaboi. Ukilishika pangaboi kwa breki, kompresa inaendelea kuzunguka. Abiria wanapanda kwa mlango wa nyuma upande wa kushoto, na kule kulia injini inafanya kazi ya jenereta ya uwanjani. Wenyewe wanaita hali ya hoteli.

Sasa sikiliza. Jenereta ya DC ya ATR imefungwa upande wa kompresa, kwa hiyo katika hali ya hoteli inatoa umeme kama kawaida. Jenereta ya AC imefungwa upande wa giaboksi ya pangaboi. Pangaboi likisimama, AC hiyo hakuna. Na hata pangaboi likizunguka, hakuna giaboksi ya haidroliki ya kuituliza, kwa hiyo frikwensi inapanda na kushuka na kasi ya pangaboi. Kwenye vitabu vya ATR inaitwa, kwa tafsiri yangu, AC mwitu. Ni mwitu kweli, lakini kazi iliyopewa haijali: inapasha joto vioo vya mbele na mapangaboi yasishikwe na barafu. Waya wa hita hauulizi frikwensi. Kwa vyombo vichache vinavyotaka hezi 400 kamili, kuna inveta zinazoitengeneza kutoka kwenye DC.

Kwa hiyo watengenezaji walikwepa IDG na uzito wake kwa kukubali umeme usiotulia pale ambapo utulivu hauna faida. Bombardier Q400 nayo iliingia mkondo huo, DC na AC ya frikwensi inayobadilika bega kwa bega, ingawa yenyewe ina APU mkiani.

Na Boeing 787 Dreamliner? Wanasema ni ndege ya umeme.

Inaruka kwa mafuta kama nyingine. Ila kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa na hewa ya moto inayochotwa kwenye injini zimehamishiwa kwenye umeme: kujaza hewa kabini, kuzuia barafu kwenye mabawa, hata kuwasha injini zenyewe. Kila injini ina jenereta mbili za kVA 250, na APU ina mbili za kVA 225. Jumla ni kVA 1,450. Linganisha na kVA 90 kwa kila injini ya 737.

Volti zimepandishwa maradufu hadi 235, kwa hesabu ileile ya ampea tuliyoifanya juu. Giaboksi ya kutuliza kasi imetupwa: frikwensi inaachwa itembee kati ya hezi 360 na 800, na mitambo inayotaka utulivu inajitengenezea wake kwa elektroniki. Wazo la ATR, kwa kipimo cha jitu. Kenya Airways na Air Tanzania zote zina 787-8, kwa hiyo vijana wanaoanza sasa wataukuta mfumo huu nyumbani.

Kabla ya kuondoka taa za ndani zilizima sekunde moja zikawaka tena. Nini kilitokea?

Ndege ilibadilisha chanzo: kutoka umeme wa uwanja kwenda APU, au kutoka APU kwenda injini.

DC mbili unaweza kuziunganisha kirahisi, kama mabomba mawili yanayojaza tangi moja. AC mbili ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: wasiposhika mapigo, michi inagongana. Volti, frikwensi na mapigo ya fezi lazima vilingane. 737 haitaki mgongano huo, kwa hiyo chanzo kimoja kinaondoka kwanza, ndipo kingine kinaingia, na katikati taa zinapepesa. Ndege nyingi za kisasa zina uwezo wa kulinganisha mapigo kwa muda mfupi na kukabidhiana bila wewe kujua.

AC inageuzwaje kuwa DC, na DC kuwa AC?

Kisanduku chenye transfoma na rektifaya kinashusha volti 115 za AC na kuzinyoosha kuwa 28 za DC. Inveta inafanya kinyume, ileile kazi ya inveta ya sola ya nyumbani, ila inatoa hezi 400.

Jenereta zote zikifa angani?

Kuna ngazi. Kwanza jenereta iliyobaki inabeba mzigo, na vitu kama oveni na burudani vinakatwa vyenyewe. Kisha APU inaweza kuwashwa. Ikishindikana, betri inalisha vitu vya lazima tu: dira, redio moja, vipimo vya akiba. Kwenye 737-800 betri moja iliyojaa imepimiwa angalau dakika 30, na zenye betri mbili dakika 60.

Ndege nyingi kubwa zina na pangaboi dogo linalochomoza nje na kuzungushwa na upepo, RAT. Tarehe 24 Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki ikitoka Toronto kwenda Lisbon. Injini zote mbili zilizima. RAT ilitoa nguvu ya kuendesha usukani na vipimo vya lazima, na ndege ikaelea hadi visiwa vya Azores. Watu wote 306 walinusurika.

Lakini mfano ninaowapa vijana wangu ni mwingine. Tarehe 7 Januari 2008 Boeing 747 ya Qantas ilikuwa inakaribia Bangkok ikitoka London, ina injini nne na jenereta nne, zote nzima. Mfereji wa maji machafu wa jiko la mbele uliziba. Maji yakafurika, yakapenya sakafu, yakashukia chumba cha vifaa vya umeme kilichoko chini, yakalowanisha visanduku vinavyozitawala jenereta. Njia kuu tatu kati ya nne za AC zikakosa umeme. Ndege ilitua salama, mifumo kadhaa ikitegemea betri. Ukiona fundi wa umeme anakagua bomba la jikoni, usimcheke.

Betri za 787 zilizowahi kushika moto, ilikuwaje?

Tarehe 7 Januari 2013 betri ya lithiamu ya 787 ya Japan Airlines iliungua ikiwa imeegeshwa Boston. Tarehe 16 Januari, 787 ya shirika la ndege la ANA ilitua kwa dharura Takamatsu, Japani, betri yake ikifuka. Ndege zote za aina hiyo zikazuiwa kuruka. Lithiamu inapendwa kwa wepesi wake, lakini seli moja ikipandwa na joto inaiambukiza jirani yake. Marekebisho yaliongeza kinga kati ya seli, yakabadili chaja, na yakaifungia betri ndani ya boksi la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Safari ya kwanza ya abiria baada ya zuio ilikuwa ya Ethiopian Airlines, Addis Ababa kwenda Nairobi, tarehe 27 Aprili 2013.

Mbona vifaa vingine vina waya mmoja tu? Wa pili uko wapi?

Ndege yenyewe ndiyo waya wa pili. Mwili wa alumini unarudisha mkondo, kama bodi ya gari. Kwenye 787, ambayo mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, ilibidi watandaze mtandao wa metali ndani kwa ajili ya kazi hiyo.

Tundu la umeme kwenye kiti ni AC ya hezi 400?

La. Hapo katikati kuna kigeuzi, na kwa kawaida unapata volti 110, hezi 60. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida. Usichomeke pasi wala mashine ya kunyoosha nywele, tundu litajizima.

Naweza kupima AC ya ndege kwa mita yangu ya nyumbani?

Geuza mita usome nyuma, au fungua kijitabu chake. Mita nyingi za bei nafuu zimehakikishwa usahihi wa AC hadi karibu hezi 400 tu, kwa hiyo kwenye 737 unasimama ukingoni, na kwenye 787 au AC mwitu ya ATR zitakudanganya bila kukuonya. Upande wa DC hazina tatizo hilo. Karakanani tunatumia zilizopimwa upya na zenye stika ya tarehe, na mita yenye stika iliyopitwa na wakati hairuhusiwi kuifikia ndege, hata kama ni ya bosi.